Wiki ya Kushindilia Theluji Keweenaw kwa Mashine za Kale

Jumamosi, Minneapolis hadi Calumet

Pikapu ilipakiwa tangu jana usiku: belti za klachi, boksi la plagi, oili ya injini za kuchanganya (zile ambazo oili huchanganywa ndani ya petroli), grisi isiyoganda kwenye baridi kali, na beringi za yale magurudumu madogo yanayobeba mkanda wa chini. Mzee mmoja wa Calumet, mji mdogo wa Michigan, mteja wangu kabla hajahama Minneapolis kurudi kwao, aliniomba nije wakati wa theluji kubwa nimsaidie kuhudumia mashine za klabu yao ndogo na kutengeneza njia za ski, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji. Nilikubali hapo hapo. Ski nilijifunzia Theodore Wirth Park, bustani ile ile ya Minneapolis iliyoandaa Kombe la Dunia la ski Februari 2024, na miaka yote nimeteleza juu ya njia ambazo mtu mwingine aliacha usingizi kuzitengeneza. Nilitaka kuijua kazi hiyo kwa mikono.

Safari ni ya saa saba hivi kama barabara haina barafu. Unapanda kaskazini hadi Duluth, unakunja mashariki kupitia Superior, Ashland na Ironwood, kisha unakata kuelekea rasi ya Keweenaw, inayochomoza katikati ya Ziwa Superior. Ukitoka kaunti ya Gogebic unapoteza saa nzima, kwa sababu kaunti nne za Michigan zinazopakana na Wisconsin hufuata saa za Wisconsin na jimbo lote lililobaki hufuata saa za mashariki. Nikafika Houghton jua limeshazama.

Mimi ni mtoto wa Mwanza, na kila nikiliona Superior moyo unashtuka. Ndilo ziwa la kwanza duniani kwa eneo kati ya maziwa yasiyo ya chumvi, kilomita za mraba kama 82,000, na la pili ni Victoria yetu. Ila hili la huku ndilo kiwanda cha theluji. Hewa kavu ya baridi hushuka kutoka Kanada, ikapita juu ya maji ambayo bado yana joto kuliko yenyewe, ikabeba mvuke, ikafika Keweenaw na kukutana na vilima. Ikilazimika kupanda, inatua mzigo wote. Ziwa likikaa bila kuganda, na mara nyingi sehemu kubwa haigandi, theluji inaweza kushuka kila siku hata kama mikoa ya jirani ina jua.

Houghton nilimpitia kijana wa Kikenya anayesomea uhandisi Michigan Tech. Kwao ni upande wa Eldoret, na tulijuana kwa njia ya marafiki. Tulivuka daraja la kunyanyuka linaloenda Hancock. Lina sakafu mbili, na majira haya sakafu ya chini wanaachiwa wenye pikipiki za theluji, wapite bila kukutana na magari. Kijana alinionyesha taa zao zikipita chini yetu. "Kaka, huku hata pikipiki zina barabara yake darajani," alisema. Calumet tulifika tukakuta supu, mkate wa iliki, na vitanda vya dari.

Jumapili, gereji

Mkate ule wa iliki unaitwa nisu, na asili yake ni Finland. Babu wa yule mzee alitoka Finland kuja kuchimba shaba, kama maelfu wengine waliojaza miji hii mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Migodi imefungwa, lakini sauna zipo nyuma ya nyumba, majina ya Kifini yapo kwenye masanduku ya barua, na ski zimeegemezwa kwenye kila baraza. Hancock kuna njia za ski zinazoitwa Maasto Hiihto, Kifini kitupu.

Gereji ni banda la mabati lenye jiko la kuni. Ndani zimo mashine tatu, na nitazieleza vizuri, maana kazi yote ya wiki imezitegemea hizi.

Ya kwanza ni Ski-Doo Alpine. Pikipiki za theluji nyingi zina ski mbili mbele na mkanda mmoja wa mpira nyuma. Alpine imegeuzwa: ski moja mbele, mikanda miwili mipana nyuma, na injini ya Rotax ya silinda mbili. Kwa sababu uzito umetandazwa juu ya mikanda miwili, inaelea pale ambapo mashine nzito ya kisasa ingezama hadi kwenye usukani. Ina rivasi, na inavuta mzigo siku nzima kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Haipendi kona. Ile ski moja kwenye theluji laini haina nguvu ya kuigeuza mikanda miwili, kwa hiyo kona unaianza mapema, umehamishia mwili wote upande mmoja.

Ya pili ni Elan, kidude chepesi cha silinda moja ambacho Ski-Doo walikitengeneza kuanzia 1971 hadi 1996 karibu bila kukibadilisha umbo. Ya tatu ni Tundra, nyembamba na ndefu, nyepesi pia. Hiyo ndiyo inayotangulia kupasua njia.

Zote ni uzao wa Joseph-Armand Bombardier, fundi wa Valcourt, Quebec. Mwaka 1934 mwanawe mdogo alifariki kwa sababu theluji ilifunga njia ya kumfikisha hospitali. Bombardier alikuwa ameshaanza kuhangaika na magari ya theluji, na baada ya msiba ule hakuacha. Ski-Doo ya kwanza iliuzwa 1959. Nikiifungua injini ya Alpine huwa namkumbuka mtu huyo.

Wengi huuliza kwa nini klabu isinunue mashine mpya. Bei ni sababu moja, lakini kuna sababu ya ufundi nayo naiona kubwa zaidi. Pikipiki nyingi za kisasa zimetengenezwa kwa mbio. Injini zake zinapozwa kwa maji, na maji hayo hupozwa na theluji inayorushwa na mkanda chini ya mashine. Ukienda polepole huku unavuta rola ya kushindilia theluji, theluji hairuki vya kutosha, injini inachemka. Hizi za kale zina feni inayopuliza silinda moja kwa moja. Na yale makatapila makubwa ya kutengenezea njia, yenye upana wa barabara, hayapiti kwenye vidaraja vya mbao vya msituni wala katikati ya misonobari hii.

Kutwa nzima tumekuwa chini ya mashine. Plagi za Alpine zilitoka na weupe, ishara kwamba mchanganyiko ni mkavu. Hewa ya baridi ni nzito, inaingiza oksijeni nyingi kwa petroli ile ile, na injini ya kuchanganya ikikauka hivyo pistoni inatoboka. Nimeweka jeti kubwa zaidi kwenye kabureta. Petroli tumechanganya sehemu 40 kwa 1 ya oili, mzito kidogo kuliko kawaida, kwa sababu ya kuvuta mzigo. Kijana amebadilisha beringi za mkanda wa kulia mwenyewe, beringi moja baada ya nyingine, akizungusha kila gurudumu kwa kidole na kusikiliza. Ana sikio la fundi.

Jumatatu

Imenyesha theluji kutwa. Kaskazini kidogo ya Mohawk, kando ya barabara ya 41, pamesimama kipimo kikubwa kuliko nyumba ya ghorofa mbili, kikionyesha rekodi ya kaunti ya Keweenaw: inchi 390.4 kwa msimu wa 1978–79, karibu mita 10. Mzee alikuwa kijana wakati huo. Anasema walitokea madirishani.

Hatukutoka na mashine. Theluji ikiendelea kushuka kwa kasi hii, unachotengeneza saa nne asubuhi kimefukiwa saa nane mchana. Tulipanda paa kuondoa mzigo, tukala pasti, zile pai za nyama, viazi na rutabaga zilizoletwa na wachimbaji kutoka Cornwall, kisha tukalala mapema.

Jumanne, msituni

Saa kumi na mbili alfajiri ilikuwa nyuzi 14 chini ya sifuri na mbingu ziko wazi. Nilipiga fimbo ya ski kwenye theluji mbele ya banda, ikazama yote na mkono wangu hadi kiwiko. Theluji ya unga. Ukiikamata na kuikamua haishikani, inamwagika katikati ya vidole vya glavu. Mita moja ya ujazo ya theluji kama hii ina uzito wa kilo 50 hadi 100 tu, sehemu kubwa ni hewa. Njia iliyokamilika ya ski inahitaji kilo 400 na zaidi kwa ujazo ule ule. Kazi ya leo ilikuwa kuitoa hewa hiyo.

Belti za klachi tulizilaza karibu na jiko usiku, tukazivaa kifuani ndani ya makoti hadi dakika ya mwisho. Belti iliyoganda ina tabia ya kukatika ikivutwa ghafla. Elan inawashwa kwa kamba. Unaipa petroli kidogo kwa pampu ya mkono, unavuta taratibu mpaka usikie mbano wa pistoni, ndipo unavuta kwa nguvu. Iliwaka mvuto wa tatu na banda likajaa moshi wa bluu.

Aliyetangulia na Tundra ni mama mmoja mwalimu mstaafu, mwembamba, mwenye kusimama juu ya mashine kama hana uzito. Kazi ya anayetangulia haina kuvuta kitu. Anapasua tu, akisimama wima, mwendo ule ule, asipunguze asizidishe. Nyuma yake nilikuja na Elan, nimehama nusu ya upana wa mkanda, ili nikanyage ukingo alioacha. Halafu mzee na Alpine, bila rola bado. Tulikwenda mzunguko mzima hivyo. Mara ya pili tukahama tena. Mara ya tatu ndipo Alpine ikafungiwa rola, ambayo ni kipande cha bomba kubwa la plastiki la kalavati, kimewekewa ekseli katikati na fremu ya kuvutia. Rola inabana theluji kwenda chini bila kuilima.

Kwenye theluji hii kuna masharti ambayo mwalimu alinieleza kabla hatujaondoka, na kila moja nililiona likifanya kazi. Usisimame unapopanda. Ukitaka kusimama, simama mteremkoni au juu ya sehemu uliyoshindilia. Ukihisi mashine inazama, usipige resi, kwa sababu mkanda hauna kitu cha kushika, utachimba tu shimo chini yako na mashine itakaa humo kwa tumbo. Toa mkono kwenye mafuta, shuka, kanyaga theluji mbele kwa miguu.

Saa tano hivi tulifika bondeni, penye kijito na kinamasi. Hapa ndipo theluji ya mapema inapoleta taabu. Theluji ni blanketi. Ikifunika tope kabla ya baridi kali kufika, tope halijigandi tena, linabaki laini miezi yote chini ya weupe usioonyesha kitu. Tundra ilipita, Elan ikapita. Alpine, yenye uzito wake na rola nyuma, ikavunja. Upande wa kushoto ulishuka taratibu na maji ya kijivu yakapanda kwenye mkanda.

Mzee alizima injini hapo hapo. Hakuna aliyepiga kelele. Tulifungua rola kwanza na kuivuta kando, kisha tukavaa viatu vipana vya theluji, tukachukua mabeleshi. Tuliondoa theluji mbele ya ski kwa mshazari, tukaikanyaga ikawa kipandio kirefu. Mwalimu na kijana walikata matawi ya misonobari iliyoanguka. Tuliilaza Alpine ubavu, watu wanne, tukajaza shimo kwa matawi na theluji, tukaikanyaga, tukairudisha kwa miguu yake.

Kijana akashika kamba ya kuvutia. "Tuvute sasa, kaka?"

Mzee akainua kiganja. "Iacheni ipumzike kwanza. Mnywe chai."

Nilikagua kipandio baada ya kama robo saa. Theluji tuliyoikanyaga ikiwa unga sasa ilikuwa inatoa mlio mkavu chini ya buti, na ncha ya fimbo haikuingia. Hii ndiyo siri ya kazi yote na hapa niliishika kwa mkono. Ukivunja nyota za theluji na kuzisukuma zigusane, kingo zake zinaanza kuungana. Barafu inahama kutoka kwenye ncha kali na kwenda kwenye maungio kati ya punje, bila kuyeyuka, na kila dakika maungio yananenepa. Ni kama sakafu ya udongo iliyokandikwa: ukiikanyaga kabla ya wakati umeiharibu, ukiipa muda inabeba ukoo mzima. Uzito wa mashine unaleta punje pamoja tu. Ugumu unaletwa na subira.

Alpine iliwaka, mzee akaipa mafuta kidogo sana, sisi watatu tukavuta ski, ikapanda kipandio bila kuteleza hata hatua. Haikuruhusiwa kupumzika. Maji kwenye mkanda yakiganda, mkanda unashikamana na fremu na mashine haitembei mpaka ukayeyushe gerejini. Tuliipeleka juu penye theluji kavu, tukainua nyuma kwa gogo, tukaizungusha mikanda hewani mpaka vipande vya barafu vikaruka vyote, huku nikikwangua vilivyobaki kwa bisibisi.

Kinamasi tulikipitia mbali, kwa rola, kupitia chini ya misonobari. Mzunguko ulikamilika taa zimewashwa. Nyama za mapaja zinatetemeka ninavyoandika.

Jumatano, kungoja

Hatujagusa njia leo. Kwa mgeni ingeonekana uvivu. Kwa kweli ndiyo nusu ya kazi. Theluji iliyoshindiliwa jana inahitaji usiku mzima, na baridi ikizidi sana inachelewa zaidi, kwa sababu kule kuungana kwa punje huenda haraka karibu na sifuri na hupooza kwenye baridi kali. Asubuhi kipimajoto kilisoma 21 chini ya sifuri. Mzee alikwenda kwa miguu hadi mwanzo wa njia, akabonyeza kwa ngumi, akarudi akisema kesho.

Jioni tulikuwa sauna. Kijana alimsimulia mzee habari za Philip Boit, mtu wa kwao, mkimbiaji aliyepelekwa Finland kujifunza ski na kuwa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi, Nagano 1998. Alikimbia kilomita 10 mtindo wa asili, akamaliza wa mwisho, kama dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alimsubiri kwenye mstari wa mwisho na kumkumbatia, na sherehe ya medali ikangoja. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Mzee aliijua habari hiyo kwa upande wa Norway; upande wa Eldoret alikuwa hajawahi kuusikia. Waliongea mpaka maji ya kumwagia mawe yakaisha. Kijana alisema nyumbani watu bado wanamtaja Boit kwa heshima, na mimi naona wana haki. Kusimama juu ya ski kwa mara ya kwanza ukiwa mtu mzima, kisha ndani ya miaka michache usimame na bora wa dunia, si jambo dogo, na anayeijua theluji ya maji ya siku kama ile atakwambia hivyo.

Alhamisi, kuchonga reli

Leo ndiyo siku niliyoijia.

Kwanza tulivuta kile wanachokiita kitanda: fremu ya chuma yenye visu vya mshazari mbele na ubao wa kusawazisha nyuma. Visu vinakata vilima, vinapeleka theluji kwenye mabonde, na vinachanganya theluji ya chini yenye ujoto na ya juu yenye baridi, kuchanganya ambako kunasaidia punje kuungana. Alpine ilivuta, mimi nikiendesha na mzee akiwa amesimama nyuma yangu juu ya ngao, akinigusa bega la kulia au la kushoto. Mwendo ule ule tu. Ukiharakisha, kitanda kinaanza kurukaruka, na kila mruko unaacha wimbi ambalo mtu wa ski atalihisi magotini.

Harufu ya oili iliyoungua, misonobari imeinama kwa uzito, na nyuma yetu njia inatoka sawasawa, ina mistari midogo iliyonyooka. Niligeuka kuitazama mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Baada ya chakula cha mchana tuliweka kifaa cha kuchonga reli. Ni sanduku la chuma lenye viatu viwili chini, vinavyokandamiza mifereji miwili sambamba ya kina cha sentimita chache. Hiyo mifereji ndiyo inayomwongoza mwenye ski za mtindo wa asili. Miguu inakwenda mbele na nyuma ndani yake kama mtu anavyotembea. Wenye mtindo huria, wanaosukuma miguu pembeni kwa zamu, hutumia sehemu iliyobaki pana. Kwenye kona kali na miteremko mikali hatukuchonga, kwa sababu mtu lazima aweze kuvunja mwendo na kugeuka. Mwalimu alitangulia na bendera ndogo za machungwa kuonyesha mahali pa kuinua viatu na mahali pa kushusha.

Reli zinataka mkono mtulivu. Mkono ukiyumba kidogo, mfereji unayumba, na ukiganda hivyo utabaki hivyo mpaka theluji nyingine. Mita mia za mwanzo mzee alichonga yeye, akaniachia usukani penye mstari mrefu ulionyooka kati ya misonobari. Nilielekeza macho mbali, kwenye mti wa mwisho. Ski ile moja ya Alpine, inayowasumbua watu kwenye kona, hapa ni baraka: inakwenda wima yenyewe.

Ijumaa

Kinamasi. Tulirudi kwa miguu tu, na viatu vipana, tukakanyaga upana wote wa njia ya zamani pale Alpine ilipozama. Theluji ikibanwa, lile blanketi linakuwa jembamba, baridi inashuka hadi kwenye tope na tope linaganda. Baada ya siku kadhaa za baridi kali patabeba mashine. Mzee anasema hapo zamani watu wa kukata magogo walifanya vivyo hivyo kwa barabara zao, na farasi wakapita na mizigo.

Mchana tulikata miti miwili iliyolala njiani baada ya upepo wa usiku. Halafu kusafisha kabureta.

Jumamosi, watu wamekuja

Saa tatu asubuhi maegesho yalikuwa yamejaa. Watoto wa shule na ski fupi, wazee wawili wenye sweta za sufu, mama mwenye mtoto mgongoni, vijana wa mbio waliopita kama upepo kwenye upande wa mtindo huria. Nilisimama bondeni mwa mteremko wa kwanza kuangalia reli zinavyofanya. Zilishika. Mtoto mmoja alishuka ameinamisha kichwa, ski ndani ya mifereji yote miwili, na alipofika chini alisimama akatazama nyuma, kisha akapanda tena kwa miguu.

Kijana naye alivaa ski za kuazima. Alianguka mara kadhaa juu penye tambarare, lakini kwenye reli alitulia. Mwalimu alikwenda pembeni yake, akimwonyesha jinsi ya kuhamisha uzito wote juu ya mguu mmoja kabla ya kusukuma, na nilipowakuta kwenye mzunguko wa pili alikuwa tayari anateleza kwa mguu mmoja urefu wa mita kadhaa. Mtu aliyekulia vilima vya Uasin Gishu ana pumzi. Kilichobaki ni mizani.

Mimi nilikwenda mzunguko mzima peke yangu. Penye mstari mrefu nilipochonga mwenyewe nilipunguza mwendo nikasikiliza ski. Theluji iliyounganika vizuri inatoa sauti nyembamba, ya mfululizo. Kwenye kona ya mashariki, tulipoinua viatu mapema mno, wenye ski wanatoka kwenye reli mteremko ukiwa haujaanza. Tumekubaliana bendera isogezwe mbele hatua kumi. Na daraja la pili la mbao linahitaji theluji zaidi, kwa sababu upepo unapita chini yake na kuilegeza.

Jioni mzee alipitisha kitanda kidogo kwa Elan sehemu zilizochakaa, ili zigande usiku.

Jumapili, kurudi

Utabiri unasema upepo wa kaskazini-magharibi kuanzia kesho, na ziwa bado liko wazi, kwa hiyo theluji ipo njiani. Kama itashuka kama inavyotarajiwa, mwalimu atapasua Jumatano na rola itafuata. Mzee ana belti mbili za akiba, na namba zake nimeziandika kwa chaki ukutani juu ya jiko. Jeti ya kiangazi nimeifunga kwenye kitambaa na kuining'iniza kwenye msumari mmoja na ufunguo, wasije wakaisahau hali ya hewa ikipata joto Machi.

Kijana nimemshusha Houghton. Atakuwa anapanda basi au lifti kwenda Calumet wikendi, mzee ameshamwahidi kitanda. Beringi za mkanda wa kushoto wa Alpine bado hazijabadilishwa. Nimeziagiza, zitafika kwake kwa posta, na spana za kuzifungia nimemwachia.